Hadithi fupi za Ziwa zimelala wapi?

Mtaje marehemu Profesa Euphrase Kezilahabi kwenye kijiwe chochote cha wasomi hapa Mwanza. Kabla hujamaliza jina utaambiwa Rosa Mistika. Mwingine atadakia Kichwamaji. Yule aliyesoma fasihi chuo kikuu ataongeza Nagona, halafu atatikisa kichwa kukujulisha kwamba kile kitabu si cha mchezo. Sasa badilisha swali. Uliza ni hadithi fupi ipi ya Kezilahabi wamewahi kuisoma. Utasikia kimya, kisha mtu ataagiza kahawa nyingine na mazungumzo yatahamia kwa Simba na Yanga.

Wadau, hilo ndilo linalonisumbua. Watu wa Ziwa tunajulikana kwa riwaya, na tuna haki ya kujivunia. Lakini mwambao huu wa Ziwa Victoria, kutoka Ukerewe mpaka Kisumu, kutoka Bukoba mpaka Kampala, umetoa pia waandishi wa hadithi fupi wa kiwango cha juu kabisa. Leo nataka tuwafuate wachache wao, tuone waliandika nini, kwa lugha ya nani, na nani aliwachapia. Ninachokiamini nakisema mapema ili usije ukanilaumu mwishoni: hadithi fupi nyingi zinapotea kwa sababu hazina nyumba ya kulala, wala si kwa sababu hakuna wa kuziandika.

Kwanza twende mbali kidogo, mpaka Wales. Najua utauliza, Mwanza na Wales wapi na wapi? Vumilia.

Wales ni nchi ndogo ndani ya ufalme wa Uingereza, ina watu wapatao milioni 3. Ina lugha yake, Kiwelisi. Katika sensa ya mwaka 2021 waliosema wanakijua walikuwa kama 538,000, yaani chini ya mtu mmoja katika kila watano. Nchi hiyo ndogo imezaa waandishi wengi wa hadithi fupi, na wamegawanyika kwa lugha. Upande mmoja yupo Caradoc Evans, mwandishi wa habari aliyefanya kazi London. Mwaka 1915 alitoa kitabu cha hadithi fupi kwa Kiingereza, My People, kuhusu wakulima masikini wa magharibi ya Wales na wazee wao wa kanisa, wacha Mungu mdomoni na wachoyo moyoni. Nyumbani walimchukia hasa. Eti amewaanika mbele ya jirani!

Upande wa pili yupo Kate Roberts, binti wa mchimba mawe ya kuezekea nyumba, aliyezaliwa mwaka 1891. Yeye aliandika kwa Kiwelisi tu. Kitabu chake cha kwanza cha hadithi fupi kilitoka mwaka 1925. Halafu akafanya jambo ambalo nataka ulishike mpaka mwisho wa makala haya: mwaka 1935 yeye na mumewe walinunua kiwanda cha uchapaji, Gwasg Gee, katika mji wa Denbigh. Mume akafariki mwaka 1946, na mama yule akaendelea kukiendesha kwa miaka kama kumi zaidi. Alipoandika kwa lugha ya mama yake, alijua na mtambo wa kuichapa uko mtaa gani.

Kwa hiyo maswali ni mawili. Uandike kwa lugha ya nani? Na nani atakuchapia? Sasa turudi kwetu na maswali hayo mkononi.

Upande wa Kenya tunakutana na mama Grace Ogot. Alizaliwa mwaka 1930 Asembo, Nyanza, akasomea uuguzi Uganda, akafanya kazi London, akapita BBC, akaolewa na mwanahistoria Bethwell Ogot. Baadaye akawa mbunge na waziri mdogo. Alifariki Machi 2015. Kama hujawahi kusoma kitu chake chochote, anza na The Rain Came. Ilitoka mara ya kwanza mwaka 1963 kwa jina jingine katika jarida la Black Orpheus la Nigeria, kisha ikaingia katika mkusanyiko wake Land Without Thunder wa mwaka 1968.

Kisa chenyewe ni cha kale, cha kusimuliwa jioni. Mvua imegoma. Mganga ameota kwamba binti wa chifu, Oganda, lazima atolewe kwa zimwi la ziwani ndipo mvua inyeshe. Bibi yeyote wa Kijaluo, Kikerewe au Kijita angeweza kukusimulia kisa cha namna hiyo. Lakini angalia Ogot anavyokigeuza. Wakati wazee wamejifungia ndani wanajadili kifo cha msichana, msichana mwenyewe yuko nje anadhani wanajadili posa yake. Anapitisha majina ya vijana kichwani, huyu nampenda, huyu simtaki. Wewe msomaji unajua, yeye hajui. Halafu inakuja karamu ya kumuaga, watu wanamletea zawadi na kumpongeza kwamba atawaokoa, na kila pongezi ni kama jembe linalochimba kaburi. Msimuliaji wa jioni hukueleza kilichotokea, lakini Ogot anakuingiza ndani ya kichwa cha binti anayetembea peke yake kuelekea majini. Hapo ndipo ngano inapogeuka kuwa hadithi fupi ya kisasa, na tunaoishi kando ya maji haya tunaisikia zaidi ya wengine.

Unajua kilichompata alipotafuta mchapaji? Yeye mwenyewe alieleza katika mahojiano ya miaka ya 1970 kwamba alipeleka hadithi zake kwa Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, lile la wakati wa ukoloni, East African Literature Bureau. Wakubwa wa pale wakashindwa kuelewa. Mwanamke Mkristo anaandikaje mambo ya kafara na waganga badala ya wokovu? Nyumba ilikuwepo, ila mlango ulikuwa na masharti. Hadithi ikabidi ivuke bara zima kwenda kupata hifadhi Nigeria.

Hadithi zake nyingine zinatugusa hata sisi wa upande huu wa maji. The Promised Land ya mwaka 1966, ambayo ni riwaya, inawafuata mke na mume wa Kijaluo wanaohama Nyanza kuja kulima Tanganyika, na jirani mwenye wivu anavyowaharibia. Na katika The Island of Tears, mkusanyiko wa mwaka 1980, hadithi iliyobeba jina la kitabu inahusu mazishi ya Tom Mboya katika kisiwa cha Rusinga. Mboya alipigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969, na magazeti ya wakati ule yaliandika yaliyoandikwa. Hadithi fupi ilibeba kile ambacho sisi waandishi wa habari huwa tunakiacha mlangoni: jinsi kisiwa kinavyolia.

Kisha akafanya kama Kate Roberts. Miaka ya 1980 alianza kutoa vitabu kwa Kijaluo: Ber Wat na Aloo kod Apul-Apul mwaka 1981, Miaha na Simbi Nyaima mwaka 1983. Mwandishi ambaye tayari alikuwa anasomwa London na Ibadan akaamua kuandika ili asomwe Asembo. Na vitabu hivyo vilichapwa Kisumu, na Anyange Press. Mji huohuo, mama mwingine wa Nyanza, Asenath Bole Odaga, mwandishi na mkusanyaji wa ngano, alianzisha mapema miaka ya 1980 kampuni yake ya uchapishaji, Lake Publishers, pamoja na duka la vitabu aliloliita Thu Tinda. Odaga alifariki mwaka 2014. Kwa hiyo Kisumu, mji unaotazamana nasi ng'ambo ya maji, ulijibu maswali yote mawili: lugha yetu, na mtambo wetu.

Tuzunguke sasa ziwa kwa upande wa magharibi. Barbara Kimenye alizaliwa mwaka 1929 Halifax, Uingereza. Aliolewa na kijana wa Bukoba, mtoto wa chifu, wakaja kuishi Bukoba katika miaka ya 1950. Ndoa ilipovunjika akahamia Kampala, akafanya kazi ofisi za Kabaka, akawa mwandishi wa gazeti. Mwaka 1965 alitoa Kalasanda, na mwaka uliofuata Kalasanda Revisited, hadithi fupi zinazohusu kijiji kimoja cha kubuni cha Buganda.

Huyu dada anachekesha! Yumo mzee Pius, mtu wa kawaida kabisa, anayeshinda bahati nasibu ya mpira. Usiku mmoja tu ndugu wanazaliwa. Watu ambao hakuwahi kuwaona wanajaa uani, wanakula, wanalala, wanamshauri namna ya kutumia fedha. Yumo mzee Kibuka aliyestaafu kazi serikalini, akaletewa kitoto cha nguruwe na mjukuu wake. Anakipenda mpaka kinakuwa mzigo, kinamla mshahara wa uzeeni. Nguruwe anagongwa na pikipiki, mzee anahuzunika kweli, ila nyama inapofika mezani anaila na anagundua kwamba ni tamu. Ukimaliza kucheka unabaki unajiuliza ni mapenzi gani hayo, na ni njaa gani.

Kimenye aliandika kwa Kiingereza, lugha aliyozaliwa nayo, lakini jicho lilikuwa la mtu aliyekaa mkekani akasikiliza. Alifariki London mwaka 2012. Ukiwauliza watu wa Bukoba wa rika langu, si wengi wanaojua kwamba mwandishi huyo aliwahi kuwa mke wa kwao.

Haya, tuingie nyumbani. Ukerewe ni kisiwa kikubwa kuliko vyote ndani ya Ziwa Victoria, ukipanda meli hapa Mwanza unashuka Nansio baada ya saa chache. Kisiwa kimoja kimetoa Kitereza, Ruhumbika na Kezilahabi. Mimi huwa nasema, kama ingekuwa timu ya mpira tungekuwa tumeshachukua kombe.

Mzee Aniceti Kitereza si mwandishi wa hadithi fupi, lakini bila yeye mjadala wa lugha haukamiliki. Alizaliwa mwaka 1896 katika ukoo wa kitemi, akasoma misheni, kisha seminari ya Rubya huko Bukoba. Yeye na mkewe Anna walizika watoto wao wote. Mwaka 1945 alimaliza kitabu kikubwa kwa Kikerewe kuhusu Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mke na mume wanaotafuta mtoto kwa machozi na kudharauliwa. Padri mmoja wa Kanada, Almas Simard, alihangaika kukitafutia mchapaji, lakini nani angechapa kitabu kinene kwa lugha ya kisiwa? Padri akafa. Mswada ukakaa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanahistoria Mmarekani, Gerald Hartwig, na mkewe Charlotte wakafika Ukerewe, wakamtia moyo. Mzee akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House ikakitoa mwaka 1980, kikachapwa China, na mzee akafariki Aprili 1981 kabla nakala hazijamfikia.

Hesabu mwenyewe: miaka 35 kati ya nukta ya mwisho na kitabu. Na Kikerewe alichokiandikia, ndicho kilichobaki nje. Kitabu kimetafsiriwa kwa Kijerumani, Kifaransa na Kiingereza, lakini Mkerewe akitaka kukisoma anakisoma kwa Kiswahili.

Gabriel Ruhumbika ndiye aliyekitafsiri kwa Kiingereza, kikatoka mwaka 2002. Safari yake mwenyewe ya lugha ilikwenda kinyume na ya wengi. Alizaliwa Ukerewe mwaka 1938, akasoma Makerere, akachukua shahada ya uzamivu Paris, na riwaya yake ya kwanza, Village in Uhuru ya mwaka 1969, ilikuwa ya Kiingereza. Milango ya London ilikuwa wazi. Akageuka akaanza kuandika Kiswahili. Mwaka 1978 akatoa Uwike Usiwike Kutakucha, kitabu cha hadithi fupi kilichochukua jina lake kwenye methali ya jogoo. Baadaye zikaja riwaya zake, Miradi Bubu ya Wazalendo mwaka 1992 na Janga Sugu la Wazawa mwaka 2001. Riwaya hizo zinatajwa mpaka leo kwenye mihadhara. Uwike Usiwike? Jaribu kukitafuta kwenye maduka ya vitabu ya mjini hapa, nilipokitafuta mimi wauzaji walinitazama kama nimeulizia sarafu ya Mjerumani.

Na sasa Kezilahabi mwenyewe. Alizaliwa Aprili 1944 Namagondo, Ukerewe, akasoma seminari ya Nyegezi, hapa hapa Mwanza, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Rosa Mistika ilitoka mwaka 1971, na iliyoichapa ni ileile East African Literature Bureau iliyowahi kushangaa hadithi za mama Ogot. Nyakati zilikuwa zimebadilika, ila si kwa kila mtu: riwaya ilipigwa marufuku kwa muda kwa sababu ilisema wazi yanayowapata wasichana wa shule. Hapo mkumbuke Caradoc Evans. Mtu akiandika ya nyumbani kama yalivyo, wa nyumbani ndio wa kwanza kununa.

Basi, mwaka 1978 Kezilahabi alichapisha hadithi fupi inayoitwa Mayai Waziri wa Maradhi. Ilitoka wapi? Katika Mzalendo, gazeti la Jumapili la chama tawala! Soma kichwa hicho tena polepole. Nchi zote zina waziri wa afya, Kezilahabi akamteua waziri wa maradhi. Neno moja amebadilisha, na wizara nzima imepinduka. Humo ndani kuna kiongozi na dhamiri yake, na wale walioumia chini ya dhamana yake wanakuja kumdai usiku. Riwaya ingehitaji kurasa 200 kufanya kazi hiyo. Na miaka saba baadaye, mwaka 1985, akatoa nyingine katika jarida la Mulika la Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Kichwa chake, Cha Mnyonge Utakitapika Hadharani, kinajitosheleza. Mtu aliyewahi kuliwa chake anakielewa bila mwalimu.

Mimi ni mwandishi wa habari, kwa hiyo tarehe ile ya Mzalendo hunifikirisha. Gazeti ni nyumba nzuri ya hadithi fupi kwa sababu linafika mbali. Jumapili moja hadithi ya Kezilahabi ilisomwa na mhasibu wa Dar es Salaam, mwalimu wa Magu na nahodha wa meli, watu ambao wasingenunua kitabu. Lakini gazeti ni nyumba ya siku moja. Jumatatu linafungia maandazi. Hadithi ya Mayai ilipona kwa sababu baadaye ilikusanywa katika kitabu, Mayai Waziri wa Maradhi na Hadithi Nyingine, kilichotolewa Nairobi. Kwa hiyo hadithi ya Mkerewe, iliyozaliwa katika gazeti la Tanzania, imehifadhiwa Kenya. Siwalaumu Wakenya, nawashukuru. Ila inanipa aibu kidogo kama mtu wa Mwanza.

Sasa tujiulize kwa nini iko hivyo. Naona sababu tatu.

Ya kwanza ni shule. Kwa miaka mingi mwanafunzi wa Tanzania amefundishwa na kutahiniwa katika riwaya, tamthiliya na ushairi. Hadithi fupi haikupewa kiti chake. Jirani zetu Kenya wana utaratibu tofauti: mikusanyiko kama Damu Nyeusi na Tumbo Lisiloshiba imekuwa vitabu vya kutahiniwa sekondari. Kitabu kikiingia kwenye mtihani, mchapaji anajua atauza maelfu, na mwandishi anapata sababu ya kuandika. Hata Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo ni jambo jema sana, ilipotolewa mara ya kwanza mwaka 2023 ilikuwa ya riwaya na ushairi.

Ya pili ni biashara ya magazeti yenyewe. Mtazame Eric Shigongo, mtu wa Buchosa, ng'ambo tu ya maji hapo. Hadithi zake za kuendelea ziliuza magazeti ya Global Publishers nchi nzima, watu wakisubiri toleo lijalo kama wanavyosubiri mshahara. Yeye alijibu swali la pili kama Kate Roberts: alijenga nyumba yake mwenyewe ya kuchapa. Mwaka 2020 wakamchagua na ubunge wa Buchosa. Ila angalia hesabu. Hadithi ya kuendelea inakatika mahali patamu, kwa hiyo wiki ijayo utanunua tena. Hadithi fupi inakwisha leo. Imekupa kila kitu, haikudai chochote kesho. Kwa mhariri anayehesabu mauzo, huo ni ukarimu usio na faida.

Ya tatu ni sisi wenyewe. Tumeziona hadithi fupi kama mazoezi ya kuandika riwaya, kama mtu anayepiga danadana akisubiri mechi. Mtu akikuambia ameandika hadithi ya kurasa nane, unamuuliza kitabu kitatoka lini. Lakini Ogot hakuwa anafanya mazoezi alipomtembeza Oganda kuelekea majini.

Kuna watakaosema, ya nini kuhangaika, si siku hizi kila mtu anasoma kwenye simu? Kweli, na simu ina uzuri wake, hadithi ya dakika kumi inaikaa vizuri kuliko riwaya. Lakini simu nayo ni nyumba ya siku moja. Hadithi inasambazwa, inachekewa, inapotea, na mara nyingi jina la mwandishi linakatwa njiani. Tofauti yake na karatasi ya maandazi ni kwamba haina mafuta.

Tarehe 21 Mei 1996 mv Bukoba ilizama karibu kabisa na bandari yetu, ikaondoka na mamia ya watu. Magazeti yalitoa idadi, majina, picha na tume. Hiyo ni kazi yetu na ilifanyika. Lakini mtoto aliyezaliwa mwaka huo ni mtu mzima sasa, na akitaka kujua mama yake alijisikiaje akisubiri gatini siku ile, ripoti ya tume haitamwambia. Anahitaji mtu aketi, aandike kurasa nane kuhusu mama mmoja, gatini, na kikapu cha ndizi ambacho hakikufika. Ogot alifanya hivyo kwa Rusinga. Kwetu nani anafanya, na akifanya, ataiweka wapi?

Sidai kwamba Mwanza haina mitambo. Tunachapa kadi za harusi, kalenda, vipeperushi vya kampeni na vitabu vya nyimbo za kanisa, na vinatoka safi. Mtambo unaochapa kalenda ya kurasa 12 hauwezi kushindwa na kitabu cha hadithi 10. Kinachokosekana ni mtu wa kuzikusanya, na wasomaji 500 wa kuahidi kwamba watanunua. Kate Roberts alianza na mtambo wa mji mdogo na lugha ya watu wachache. Sisi tuna Kiswahili, lugha ya mamilioni, na jiji la pili kwa ukubwa nchini.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Kama babu yako, shangazi yako au mwalimu wako mstaafu ana sanduku la magazeti ya zamani, Mzalendo, Uhuru, au matoleo ya Mulika, usiruhusu yaende kwenye banda la maandazi kabla hujayafungua. Tafuta ukurasa wa hadithi. Andika jina la mwandishi, kichwa cha hadithi na tarehe. Piga picha. Hata kama mwandishi hujawahi kumsikia, na hasa kama hujawahi kumsikia. Kezilahabi tulimpoteza Januari 2020, lakini jina lake linajilinda lenyewe. Ninaowahofia ni wale walioandika hadithi moja, nzuri, Jumapili moja, kisha wakarudi kwenye kazi zao za ualimu na uvuvi.

Mwenye sanduku anijulishe. Nitakuja na daftari, na maandazi nitanunua mimi.